Betri ya kilo nne kwenye Fielder yangu

Kazi yangu iko Lamu, gari langu liko Bamburi, Mombasa. Nakaa kule wiki tatu, narudi nyumbani wiki moja, na kwa karibu miaka miwili kila niliporudi nilikuta Toyota Fielder imelala chini ya kibanda cha makuti kama maiti. Ukibonyeza rimoti, kimya. Ukizungusha ufunguo, unasikia tk-tk-tk chini ya boneti, taa za dashibodi zinafifia, basi. Vijana wa mtaa walishanizoea. Wakiniona nashuka tuktuk na begi wanakuja wenyewe bila kuitwa. Gari ni otomatiki, halishiki kwa kusukumwa, kwa hiyo kazi yao ilikuwa kulitoa hadi barabarani ili gari la jirani lisogee tulibusti.

Betri mbili zilikufa hivyo, zote za kawaida, za madini ya risasi. Ya kwanza ilidumu miezi kumi na minne, ya pili haikufika kumi. Kila moja ilinigharimu karibu shilingi 9,000.

Wa kwanza kunitajia betri nyepesi za lithiamu alikuwa shemeji yangu aliyeko Sharjah. Alinitumia picha ameinua betri ya gari kwa vidole viwili, na sauti yake ikafuata nyuma: "Shem, bado wabeba jiwe la risasi karne hii? Hata Porsche waliacha zamani." Nikaitafuta hiyo habari ya Porsche, na kumbe ni kweli, ila nusu yake. Mwishoni mwa mwaka 2009 Porsche walitangaza betri ya lithiamu ya kuwashia injini kwa 911 GT3, GT3 RS na Boxster Spyder. Ilikuwa chini ya kilo sita, nyepesi kwa zaidi ya kilo kumi kuliko ile ya risasi, na bei yake Ujerumani ilikuwa yuro 1,904. Nusu ambayo shemeji hakuisema ni kwamba mnunuzi alipewa na betri ya kawaida pia, ya kufunga wakati wa baridi, kwa sababu lithiamu hupungukiwa nguvu ya kuwasha injini hali ya hewa ikishuka hadi kwenye barafu. Nilimwandikia: ukiona mtu anakuuzia koti na kukupa jingine juu yake, ujue hilo la kwanza lina msimu wake.

Hakunijibu. Alinunua betri kwa dirhamu 900, akaitia kwenye sanduku lake alipokuwa anakuja likizo. Uwanja wa ndege sanduku likafunguliwa. Betri za lithiamu kwenye ndege hupimwa kwa wati-saa, yaani umeme uliomo ndani: ikiwa chini ya 100 unaipakia kwenye mkoba wa mkononi, kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika, na ikizidi hapo abiria hasafiri nayo. Hii ilikuwa ya volti 12.8 na ampea-saa 20. Zidisha, unapata 256. Shemeji yangu ni mhasibu. Betri ilibaki na rafiki yake, yeye akatua Mombasa na tende.

Ningeachia hapo, lakini nina mwenzangu mmoja anayeshindana mbio za magari za vumbi, na Starlet yake ilikuwa juu ya mawe, injini imeshushwa. Betri yake ya lithiamu ilikuwa imekaa tu juu ya kabati. "Ichukue ujionee mwenyewe," akaniambia. "Ila ukiiua, utanilipa."

Nilizipitisha zote mbili kwenye mizani ya duka la nafaka. Ya risasi, saizi ya NS60, kilo 12.4. Ya lithiamu, kilo 4.1. Muuza duka aliichukua ile ndogo, akaitikisa karibu na sikio, akauliza kama ndani mna kitu. Tofauti ni kilo nane na kidogo. Kwa mwenzangu wa mbio hizo ni kilo ambazo angetoa jasho na pesa nyingi kuzipunguza kwingine. Kwangu mimi, kwenye gari la zaidi ya kilo 1,100, ni nusu ya uzito wa mwanangu wa miaka minne, na sijawahi kumteremsha njiani ili kuokoa petroli.

Kuifunga ni spana namba kumi, dakika tano. Kasha lake ni dogo kuliko kitako cha Fielder, kwa hiyo nilikata ndara kuukuu nikazisokomeza pembeni isichezecheze. Nikapiga stata.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Injini ilishika kabla sijajiandaa kuisikiliza. Nilikuwa nimeweka mita kwenye vichwa vya betri. Ile ya risasi, hata ilipokuwa mpya, ilikuwa ikishuka hadi volti 10 na pointi wakati stata inazunguka. Hii haikushuka chini ya 11.7. Ikipumzika inasoma 13.3, wakati ya risasi iliyojaa husoma 12.6 au 12.7. Sababu ni hesabu ya seli: ya risasi ina seli sita za volti mbili na kitu, ya lithiamu fosfeti ya chuma ina nne za volti 3.2. Oltaneta ya gari langu, ile inayochaji betri injini ikizunguka, inatoa kati ya volti 13.7 na 14.3, ambayo seli hizo zinaipokea bila ugomvi. Na kama ulishasikia betri za lithiamu kuwaka moto, aina hii ya fosfeti ya chuma ni tulivu kuliko zile za kobalti zilizofanya Boeing 787 zote ziwekwe chini Januari 2013. Siyo kwamba haiwezi kuungua, ila inahitaji kuchokozwa sana.

Wiki hiyo yote niliendesha nikijiona fundi. Nikaondoka zangu Lamu.

Niliporudi, vijana walikuja kama kawaida. Rimoti, kimya. Ufunguo, safari hii hata tk-tk-tk hapana. Nikaweka mita kwenye vichwa vya betri: sifuri. Si volti tisa, si nane. Sifuri kabisa, kama nimepima kipande cha mbao. Nilihisi tumbo limenishuka, nikawa nawaza namna ya kumwambia mwenyewe.

Nilimpigia, akacheka. Ndani ya betri hizi mna saketi ya ulinzi, ile ambayo mafundi wa sola huiita BMS. Seli zikikaribia kwisha, saketi inakata njia ili zisinyonywe hadi zikafa. Kwa mita ya nje betri inaonekana mfu, kumbe imefumba macho tu. Akaja na chaja yake, akaunganisha kwanza betri ya kawaida sambamba kwa sekunde chache ili saketi "ione" volti na kufungua, kisha akaiacha ijichaji taratibu. Hakukubali tuwashe gari na kuiachia oltaneta kazi hiyo. Lithiamu iliyokauka inavuta mkondo mkubwa kwa pupa, na oltaneta inapata moto kuliko ilivyozoea. Baada ya saa chache gari likashika kana kwamba hapakutokea kitu. Betri ya risasi ikiachwa tupu namna hiyo wiki mbili na zaidi, inaota chumvi ngumu kwenye bamba zake na hairudi tena kama zamani. Zangu mbili zilikufa hivyo hivyo. Hapo lithiamu ilishinda waziwazi.

Lakini swali lilibaki: ilimalizikaje?

Kisauni kuna mzee mmoja wa umeme wa magari ambaye nilipaswa kwenda kwake tangu betri ya kwanza. Alinisikiliza hadithi yote, Sharjah, Porsche na BMS, kisha akasema, "Mwanangu, mtungi una kosa gani? Tazama kwanza ni nani anywaye usiku." Akauacha mlango wa dereva wazi lakini akafunga komeo lake kwa bisibisi, gari lidhani mlango umefungwa. Akatoa kichwa cha hasi, akaipitisha mita yake hapo kati, akaniambia twende tukanywe kahawa. Gari la kisasa huchukua muda kulala, ukipima mara moja utadanganywa. Tulirudi baada ya nusu saa. Mita ilisoma ampea 0.21.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Ya redio, namba ikashuka hadi 0.09. Ilikuwa redio ya skrini niliyofungiwa dukani, na aliyeifunga aliunga waya unaotoka moja kwa moja kwenye betri na waya wa ufunguo pamoja, kwa hiyo haikuwahi kuzimika, ilikuwa inafumba kioo tu. Kisha akafuata waya mwembamba nyuma ya dashibodi, akatoa kijisanduku cheusi kama pakiti ya sigara. Treka ya mwenye gari wa zamani, bado inapiga ripoti kwa mtu asiyeitazama. Namba ikashuka hadi 0.03, ambayo ni saa, alamu na kompyuta ya gari.

Nilikaa juu ya tairi pale nikafanya hesabu kwenye simu. Ampea 0.21 kwa saa 24 ni ampea-saa tano kwa siku. Betri yangu ya ampea-saa 45 inakauka kabisa siku ya tisa. Ile ya lithiamu, siku ya nne. Hapa ndipo nilipoelewa kibandiko chake. Kwa maandishi makubwa kilisema "60Ah", na chini kwa herufi za chungu kikaeleza kwamba hiyo ni "sawa na" ya risasi, kwa maana ya nguvu ya kupiga stata. Akiba halisi iliyomo ndani ni 20. Ni nyepesi kwa sababu seli zake ni bora, ndiyo, lakini pia ni nyepesi kwa sababu imebeba kidogo. Kwa mtu anayewasha gari kila asubuhi hilo si kitu. Kwa mtu anayeliacha wiki tatu, akiba ndiyo betri yenyewe.

Na tena haikuonyi. Ya risasi ikishuka hadi 12.2 unajua imebaki nusu. Ya lithiamu inabaki kwenye 13 na kitu karibu muda wote, halafu inaporomoka ghafla.

Jambo jingine nililopima mwenyewe ni joto. Kwenye Fielder betri inakaa chini ya boneti, pembeni ya injini. Nilichukua kipimajoto cha keki cha mke wangu bila kumwuliza, nikakifunga kwenye kasha la betri, nikaendesha saa nane mchana kupitia daraja la Nyali kwenye foleni. Nilipofika na kufungua boneti kilisoma nyuzi 61. Kibandiko cha lithiamu kimeandika mwisho 60. Baridi ya Wajerumani haituhusu, lakini sisi tuna ya kwetu. Joto hilo linaila betri ya risasi pia, ila hiyo nikiibadilisha ni 9,000, na hii kwa bei ya shemeji ni zaidi ya 30,000 kabla ya kufikiria itafikaje.

Sasa, kuna upande mmoja ambao mizani yangu ilinielemea kwenye lithiamu, na bado unanielemea. Mimi nimekulia Changamwe, si mbali na Owino Uhuru. Watu wa nje hawalijui jina hilo, sisi tunalijua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilijengwa ukutani mwa watu, moshi na maji yenye risasi vikaingia majumbani na kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyefanya kazi humo na mwanawe akaugua, aliongoza mapambano na akapata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Betri zangu mbili mfu zilikuwa bado nyuma ya jiko, na kila mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu alizitaka. Niliona uzito kuzitoa bila kujua zinakwenda kuyeyushwa wapi. Mwishowe nilizirudisha dukani nilikonunua mpya, wakanipunguzia bei kidogo. Kama lithiamu ingeuzwa hapa Mombasa kwa mara mbili tu ya bei ya risasi, kwa sababu hiyo pekee ningeinunua.

Haiuzwi hivyo. Nilinunua NS60 nyingine. Mzee wa Kisauni alirekebisha waya wa redio, na kwenye kichwa cha hasi akanifungia kitufe cha kuzungusha cha shilingi 700. Nikiwa naondoka nakizungusha, gari lote linakatika. Betri ya lithiamu niliirudisha kwa mwenyewe ikiwa imejaa. Aliipokea kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu.

Nimesharudi kutoka Lamu mara saba tangu hapo. Nafungua boneti, nazungusha kitufe, nafunga, napiga stata, linashika. Hasara ni kwamba redio inasahau stesheni zote, na saa ya dashibodi kila mara inaanza upya kwenye 1:00, saa saba, hata kama nimefika alfajiri. Vijana bado wanakuja wakiniona na begi. Siku hizi nawanunulia soda, maana ni aibu kuwarudisha bure.

Shemeji bado ananitumia picha.