Nimechagua matairi kwa hesabu ya saruji

Pikapu yangu ni Hilux ya kebini moja, inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na haijui harusi wala matembezi ya ufukweni Raskazone. Kazi yake ni saruji, nondo, mabati na mbao, kutoka dukani kwangu Majani Mapana, hapa Tanga, hadi kwa mteja popote alipo: Pongwe, Muheza, Mkinga, na mara nyingine juu milimani Amani kwa mtu anayejenga huko na hataki kusikia habari ya mvua. Mwaka huu, masika yakikaribia, kashata za matairi, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, zilikuwa zinakaribia vile vinundu vya mpira vilivyojificha ndani ya mifereji. Wengi hawavijui. Kashata ikishuka ikalingana navyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6, na tairi la namna hiyo likikutana na maji kwenye lami halina tena pa kuyapitisha. Sikutaka kusubiri lifike huko.

Basi nikaanza kutafuta, na mji mzima ukawa na ushauri.

Dereva wangu, kijana wa Makorora, alitaka makubwa yenye kashata za kuchimba, yale yanayofanya gari likae juu. Shemeji yangu akasema mtumba wa Japani haujawahi kumwangusha mtu. Fundi pancha wetu wa Ngamiani, mzee ambaye ameziba matairi tangu mimi nasoma, alicheka tu: "Mwanangu, tairi ni duara jeusi. Angalia mfuko wako." Wote nawaheshimu. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza gari linabeba nini, na kwa pikapu ya kazi mimi naona swali ni hilo, mengine yote yanafuata nyuma yake.

Saizi yangu ni 205R16. Hiyo 205 ni upana kwa milimita, R inaonyesha ni tairi la radial, yaani nyuzi zake za ndani zimelala kukatisha kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mpaka hapo kila muuzaji anajua. Dukani niliwekewa mawili ya saizi hiyo, yamesimama bega kwa bega, kashata zinafanana, moja bei yake imepungua vizuri. "Dada, yote ya Hilux hayo, rimu ni ile ile," muuzaji akasema. Na kweli, yote yangeingia.

Nikainama nikasoma mbavu. La bei nafuu liliandikwa 205R16 104S. La pili liliandikwa 205R16C 110/108S, na pembeni 8PR. Hiyo C ndiyo alama ya tairi la gari la mizigo, na 8PR ndiyo watu wa gereji wanayoita plai nane. Siku hizi haina maana kwamba ndani mna tabaka nane za nyuzi, ni kipimo cha uimara tu. Lakini nambari iliyonikalisha kwenye kiti cha plastiki cha duka lile nikaomba kalamu ni 104 na 110.

Nambari hizo si kilo, ni namba za jedwali. 104 maana yake tairi moja linabeba kilo 900. 110 ni kilo 1,060. Ile 108 inayofuata ni kilo 1,000, nayo ni kwa magari yanayofunga matairi mawili mawili nyuma kama fuso. Mimi nina moja moja, kwa hiyo naangalia ya kwanza. Sasa piga hesabu ya duka. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mifuko 20 ni tani moja, na mzigo wa pikapu karibu wote unakaa juu ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo gari likiwa tupu tulishaipima kwenye mzani ikasoma kama kilo 650. Jumla 1,650. Matairi mawili ya 104 yanabeba 1,800, yaani imebaki mifuko mitatu tu kabla ya kugusa ukomo. Mawili ya 110 yanabeba 2,120. Imebaki zaidi ya mifuko tisa.

Hiyo mifuko tisa siongezi, na dereva asome hapa vizuri. Chasisi, breki na springi hazijabadilika kwa sababu nimenunua tairi gumu. Ila nani asiyejua barabara zetu? Uzito ulioandikwa kwenye karatasi ni uzito wa gari lililotulia. Gurudumu likiingia shimoni na saruji juu, kwa sekunde hiyo tairi linabeba zaidi ya lilivyobeba likiwa limesimama. Nafasi ile ndiyo inayokwenda kufanya kazi hapo. Na joto je? Tairi lililoelemewa linajikunja zaidi kila linapozunguka, kujikunja kunazaa joto, na lami ya Segera saa nane mchana tayari ina lake. Matairi mengi yanayopasuka barabarani yakiwa bado na kashata nene yamepikwa kwanza kwa ndani, kwa mzigo uliozidi au upepo uliopungua.

Upepo wenyewe una jambo lake ambalo muuzaji hakulisema. Kilo 1,060 za tairi lile ni kwa upepo wa PSI 65, imeandikwa ubavuni kwa herufi ndogo. Ukilijaza 30 kama teksi halafu ukapakia mifuko 20, umelipia plai nane ukatumia nne. Na kinyume chake: usilijaze 65 ukaondoka nalo gari likiwa tupu, kwa sababu linaruka kwenye changarawe na kashata zinalika katikati. Upepo wa kila siku unaandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si ubavuni mwa tairi. Kama kibandiko kimekwaruzwa na mikanda ya wapakiaji, kitabu cha gari kinacho.

Turudi kwa shemeji na mtumba wa Japani.

Yapo mazuri, sikatai. Lakini twende pamoja kwenye lundo tukaangalie. Utaona matairi yenye kashata nene ajabu, zimekatwakatwa vijimstari vyembamba kama kitana, na ukibonyeza kwa ukucha mpira unaingia. Ubavuni limeandikwa STUDLESS, au kuna kijialama cha mlima wa vilele vitatu na nyota ya theluji ndani. Hayo ni matairi ya baridi. Mpira wake umechanganywa ubaki laini kwenye barafu. Huko Japani likifika nusu ya kashata linahesabiwa limekwisha kwa kazi ya theluji, linavuliwa, na nusu iliyobaki ndiyo sisi huku tunaishangilia kwamba "bado jipya". Kwenye joto la Tanga mpira huo unaisha mbio, na gari lenye mzigo likikata kona kashata zinalegea chini yako. Theluji ya karibu nasi iko Kilimanjaro, na sina mteja huko juu. Nilimwonyesha shemeji alama ile. Alikaa kimya kidogo kisha akasema ya kwake hayana. Tukaenda kuangalia. Mawili yanayo.

Kuna na yale ya kuchongwa, kipara kinachukuliwa kinachorwa mifereji mipya kwa kisu cha moto. Kwenye baadhi ya matairi ya malori, yaliyoandikwa REGROOVABLE, kiwanda kimeacha mpira wa ziada kwa kazi hiyo. Kwa pikapu ni kuchonga mpaka karibu na waya. Nilipita bila kuuliza bei.

Kwa dereva wangu nilikuwa mpole zaidi, maana yeye ndiye anayelala na gari. Alitaka 265/70R16. Tukakaa na simu tukakokotoa. Tairi langu la sasa lina kipenyo cha sentimita 73 na kidogo. Lile analolitaka lina karibu 78. Gurudumu likikua hivyo, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi kuliko spidi mita inavyojua. Mshale ukisoma 50 wewe uko 53, na askari wa tochi hasomi mshale wako. Gia nazo zinakuwa ndefu: gari lililokuwa linapanda Amani na saruji kwa gia ya pili litaanza kuomba ya kwanza. Tairi lenyewe ni zito kulisimamisha, linataka rimu pana, na likigeuzwa mpaka mwisho linakwaruza madigadi ndani ya bodi. "Lakini mama, si litapendeza?" Litapendeza. Akinunua lake atafunga.

Umbo la kashata ndipo nilipochukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Njia zangu nyingi ni lami: Tanga, Pongwe, Muheza, Segera. Kwa lami tupu ungechukua kashata nyororo ya barabara kuu, kelele kidogo, mafuta kidogo. Ila saruji haijengi juu ya lami. Mita mia tatu za mwisho kwa mteja ndizo zenye matope, na udongo mwekundu wa Usambara ukilowa hauna utani. Zile za kuchimba kabisa nazo zinazunguka na joto na kelele kilometa zote za lami kwa ajili ya hizo mita mia tatu. Nikachukua la katikati: mistari iliyonyooka katikati, mabega yamekatwa meno. Kwenye tope zito litakwama, na likikwama tutachukua jembe kama siku zote.

Umri wa tairi. Tafuta neno DOT ubavuni, fuata mpaka tarakimu nne za mwisho. Ukiona 1823, limetengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2023. Mara nyingi ziko ubavu mmoja tu, na sijui kwa nini dukani ubavu huo hupenda kutazama ukuta. Mwambie kijana aligeuze. Nilikutana na "jipya" la umri wa mtoto wa darasa la pili, limepangwa nje juani, limepakwa dawa linang'aa. Muuzaji alinionyesha vile vinyweleo vya mpira: "Ona, halijagusa barabara." Ni kweli halijagusa. Jua na hewa vimeligusa, na mpira unakauka hata ukikaa. Lipinde kidogo uangalie kati ya kashata, nyufa nyembamba zitajieleza. Ukitoka hapo, kaangalie spea yako mwenyewe chini ya gari. Yangu niliipata ina umri mkubwa kuliko duka.

Mwanzoni bajeti ilitaka mawili. Fundi akashauri nikinunua mawili niyafunge mbele, "ndiko kwenye usukani." Watengenezaji wa matairi wanasema kinyume: mapya mawili yaende nyuma. Mbele ikiteleza kwenye maji unaihisi mikononi na ukiachia mafuta inarudi. Nyuma ikiteleza gari linageuka lenyewe kabla hujajua. Na pikapu tupu nyuma yake ni nyepesi, ndiyo ya kwanza kuteleza. Nilimweleza mzee wangu kwa adabu, akasema yeye ameendesha tangu enzi za Nyerere na hajageuka. Sikubishana. Nilisogeza malipo ya mabati mbele kidogo nikanunua manne ya 110, bei yake zaidi ya mara mbili ya mtumba wa shemeji. La zamani lenye afya likawa spea, lile la kizee nikampa jirani anayetengeneza katambuga.

Kufunga kulikwenda vizuri. Valvu mpya kila gurudumu, balansi, alaimenti, nati zikakazwa kwa msalaba, na baada ya safari ya kwanza ya Muheza tukazikaza tena. Ukutani stoo nimeandika kwa rangi ya mafuta namba za gari langu: mzigo kamili nyuma 50, tupu 32, upime asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata moto kipimo kinapanda na utadhani umejaza.

Dereva analalamika kwamba likiwa na upepo wa mzigo, kurudi tupu kunamrusha mpaka kofia inaanguka. Ana haki. Nimenunua pampu ndogo ya kuchomeka kwenye umeme wa gari, apunguze akishapakua na ajaze kabla ya kupakia. Kupunguza hasahau hata siku moja. Kujaza ndiko mpaka nisimame pale na kipimo mkononi, wapakiaji wamebeba mifuko begani wanatusubiri.