Kisanduku cha kumbukumbu kwa watoto waliofiwa: ninavyokiandaa

Mimi huanza kabla matanga hayajaanuliwa. Ndugu wakishagawana nguo za marehemu, mara nyingi mtoto hubakiwa na picha ya kwenye kitambulisho tu. Kwa hiyo namwomba mkubwa wa familia mapema vitu vitano au sita vya kuweka kisandukuni, na achague mtoto mwenyewe. Watu wazima hupenda kumwekea saa. Yeye, kama baba alikuwa mvuvi wa dagaa, huenda akataka sindano ya kushonea nyavu. Apewe.

Nguo moja isifuliwe. Ikae kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, lifunguliwe kwa dakika chache tu, maana harufu hupotea kwa hewa. Shati likiwa moja na watoto wawili, fundi cherehani awashonee mito: upande mmoja shati, wa pili kitambaa cha kawaida, ndani sufi. Akate sentimita 32 kwa 32. Mshono ukila moja kila upande, zinabaki 30. Vifungo asivitoe.

Sauti ishughulikiwe wiki hiyohiyo. Simu ya marehemu huuzwa au hufutwa, na laini isiyotumika hufungwa, namba akapewa mtu mwingine. Mtoto akipiga anapokelewa na mgeni. Nakili ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwenye kadi ya kumbukumbu na kwenye simu ya ndugu mwingine.

Unyevu wa huku Ziwa Victoria hugandisha picha. Weka karatasi kavu katikati ya picha na picha, andika nyuma kwa penseli laini. Boksi la viatu linatosha, ila lisikae sakafuni, mchwa watalimaliza. La bati hushika kutu.

Maneno nayo yana uzito. Ukimwambia mtoto mdogo kwamba baba amelala, ataogopa kulala. Ukisema amesafiri, atamngoja kila kivuko cha Kamanga kinapofunga gati. Nasema amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, na narudia kila anapouliza, kwa kuwa wa chini ya miaka mitano mara nyingi bado haelewi kwamba aliyekufa harudi.

Swali la "unamkumbuka baba?" humfunga mdomo. Namuuliza baba alipenda kula ugali kwa mboga gani, akitoka ziwani alianza kufanya nini. Jibu naliandika kama alivyolisema, hata shangazi akibisha. Kisanduku kikae anapofika mwenyewe, si juu ya kabati. Asipokifungua kwa miezi, aachwe. Na asiagizwe kukifungua mbele ya wageni.