Dagaa naye ni mdogo

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imechelewa, ilikuwa itoke Jumatano na leo ni Ijumaa, na wala sio netiweki wala umeme, ni mimi mwenyewe, naandika nafuta, naandika nafuta. Somo letu mwezi huu ni umoja, na mimi kuna mpendwa mwenzangu hapo kanisani hatujasalimiana mwezi wa nne sasa. Sa mtu wa hivo anawaandikia nini watu kuhusu umoja jamani.

Wiki hii huku kwetu ni mbalamwezi. Mnaokaa mbali na ziwa labda hamjui, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, wanatawanyika tu huko majini, kwa hiyo wavuvi hapa Kibirizi, Kigoma, hawaingii ziwani na sisi akina mama wa dagaa tunakuwa hatuna kazi ya maana. Wao wanakaa mchangani wanashona nyavu. Jumanne nilikaa nao kama saa nzima hivi, namsubiri mtu ninayemdai (hakuja), nikawa namwangalia mzee mmoja anavopitisha vidole kwenye wavu, taratibu, kama mama anamtafuta mtoto chawa, akikuta tundu anasimama hapohapo anatoa sindano. Nikamwambia, mzee, hako si katundu kadogo tu, si uache. Hata hakuniangalia, akasema, "Dagaa naye ni mdogo."

Nilirudi nyumbani na hilo neno. Nikakumbuka kuna mchungaji alitufundisha kwenye semina, kwamba pale Mathayo 4:21, Yakobo na Yohana wako chomboni na baba yao Zebedayo wanazitengeneza nyavu zao, lile neno la Kigiriki ni katartizo, na ndo hilohilo Paulo analitumia kwa Wakorintho, barua ya kwanza, sura ya 1 mstari wa 10, anapowaambia pasiwe kwenu faraka, bali mhitimu katika nia moja na shauri moja. Na Wagalatia 6:1 tena, mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole, ni lilelile. Mi nilikuwa nasoma "mhitimu" nafikiria mambo ya shule, joho na cheti, kumbe Paulo anaongea lugha ya watu wa mchangani. Watu wamechanika, washonwe.

Msingi wa umoja wetu sitauzungumza sana maana tunaujua, Waefeso 4 tumeikariri tangu sandei skuli, mwili mmoja na Roho mmoja, Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja, Mungu mmoja naye ni Baba wa wote. Angalieni tu kwamba mstari wa 3 unasema tujitahidi kuuhifadhi umoja wa Roho, hausemi tuutengeneze. Wavu tumepewa, tumeukuta umeshafumwa, na gharama ililipwa msalabani. Na kwenye ile orodha yote kabila halimo. Nalisema hili kwa sababu ya Kigoma yetu hii, kanisa moja lina Waha, lina Wabembe, lina ndugu waliokimbia vita Kongo na Burundi, Jumapili tunakumbatiana, alafu Jumatatu mtu kakosana na mwenzake kwenye foleni ya maji unasikia "rudi kwenu". Kwao wapi? Si mmekula meza moja ya Bwana jana?

Madhehebu nayo hivohivo. Mtaa wetu una Waanglikana, Wakatoliki, Wabaptisti, Wapentekoste, Wasabato, na mimi simwambii Mkatoliki aache rozari wala Msabato ahamie Jumapili, tofauti zipo na nyingine ni kubwa, tusidanganyane. Ila ile ya kumwona mwenzio amebeba Biblia ya Yesu yuleyule unamwita "wale", hiyo hapana.

Sasa nije kwenye lililonikamata. Yohana 17, usiku ule kabla hajakamatwa Bwana anatuombea, sisi kabisa, maana anasema na wale watakaomwamini kwa sababu ya neno lao, na anaomba tuwe na umoja ili ulimwengu upate kusadiki ya kwamba Baba ndiye aliyemtuma. Ona hiyo "ili". Hakuomba tuwe na umoja ili kwaya ipendeze au tujisikie raha. Wavu haushonwi uanikwe. Unashonwa kwa sababu mwezi utapungua, giza litarudi na kuna kazi ziwani.

Na mimi ulimwengu ninaujua, unakaa meza ya pili kutoka kwangu sokoni. Ni mama wa Kiislamu, mtu wa Ujiji, mstaarabu sana, tumekaa jirani miaka. Wiki iliyopita akaniuliza, bila ubaya, "Jirani, hivi yule mwenzio si mnasali pamoja? Mbona akija anaruka meza yako anakuja kununua kwangu?" Nikacheka nikasema aa, mambo madogo tu hayo. Akasema haya. Lakini alivosema haya, wapendwa, nilitamani niingie chini ya meza. Miaka yote namwambia habari za Yesu na anasikiliza vizuri tu. Sasa nitamwambia nini?

Niseme kilichotokea maana nimechoka kukibeba. Mi ni mweka hazina wa kina mama. Tulichanga hela ya sare, vitenge, na siku ya hesabu huyo dada akasimama mbele za watu akasema hesabu haikai sawa, imepungua elfu kumi na mbili. Niliwaka. Nikasema ananichafua, ananionea wivu, nikalia kabisa na watu wakanibembeleza, wengine wakamnunia yeye, wawili wakajitoa kwenye grupu la WhatsApp. Baada ya kama miezi miwili nikawa napekua daftari langu la biashara, nikaikuta. 12,000. Niliitoa mimi kununua mafuta ya kukaangia siku hela yangu ilikata, nikajisemea nitarudisha kesho. Mwandiko wangu mwenyewe. Nikafunga daftari nikanyamaza. Miezi miwili mingine nimekaa nalo, na nimeongoza maombi humohumo, na kwenye maombi nimesema Bwana utupe umoja.

Kwa hiyo ukiniona nakemea ujue naanza na mimi. Tunapenda sana kuuombea umoja, mkesha tunafanya, mfungo tunafunga, lakini tundu tunalijua liko wapi na sindano hatutaki kushika. Mathayo 5:23 haisemi ukikumbuka wewe una neno juu ya ndugu yako, inasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako. Acha sadaka, uende kwanza. Wengine mmekaa mnasubiri "aliyeanza ndo aje", na pengine aliyeanza ni wewe. Wengine mnasema ni kitu kidogo, kitapita. Si ndo hicho mzee alichoniambia, samaki tunaowatafuta ni wadogo, wanapita kwenye katundu haka haka ka elfu kumi na mbili. Jirani yangu alikuwa anachungulia kwenye tundu hilohilo.

Jana jioni nilienda. Mwanzo nilifikiria nimtumie tu hela kwenye simu na ujumbe mzuri wa maandiko, nikaona huo ni ujanja. Nikamkuta nje anachambua mchele, nikakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, nikamweleza yote, na daftari nilienda nalo. Hakulia, hakunikumbatia, kama mlikuwa mnasubiri hiyo. Alisoma ile karatasi mara mbili akasema, "Nimekusikia, dada," akaendelea na mchele wake. Hata maji sikupewa, na ni haki yake, miezi minne watu wamemwita mchonganishi.

Jumapili baada ya ibada ni kikao cha kina mama. Nilimkana mbele za watu, basi nitamsafisha mbele za watu. Mwenyekiti nimeshamwambia aniweke kwenye ajenda mwanzoni kabisa, asinifiche kwenye mengineyo, na hazina achukue mwingine. Mniombee, tumbo linanikata tangu asubuhi.