Kuhani Hali Nyama ya Dhambi Yake

Wapendwa katika Bwana, wiki hii mzigo ulionikalia moyoni ni namna tunavyowaombea viongozi wetu. Tunasema, "Bwana, wainue watumishi wako, wafunike kwa damu yako," kisha tunaketi. Kiongozi ambaye vitabu vya sadaka amevifungia nyumbani kwake anaitikia Amina pamoja nasi, kwa sababu sala hiyo haikumgusa popote. Tuisome tena Walawi sura ya 4, polepole, maana humo Mungu mwenyewe ameagiza dhambi ya kuhani ishughulikiweje.

Kuhani anatajwa wa kwanza, kabla ya kusanyiko zima, kabla ya mtawala, kabla ya mtu wa kawaida. Mtu wa kawaida alileta mbuzi jike au kondoo jike. Mtawala alileta beberu. Kuhani aliyetiwa mafuta alileta ng'ombe dume asiye na kilema, sawa na sadaka ya taifa zima linapokosa. Damu nayo ilikwenda kwingine. Ile ya mtu wa kawaida ilipakwa kwenye pembe za madhabahu ya kuteketezea, huko uani. Ile ya kuhani iliingizwa ndani ya hema ya kukutania, ikanyunyizwa mara 7 mbele ya pazia, ikapakwa kwenye pembe za madhabahu ya uvumba. Na uvumba ni maombi; Zaburi ya 141 na Ufunuo 8 zimetufundisha hivyo. Dhambi ya kuhani inatia uchafu mahali pale pale maombi ya watu yanapopandia. Maombi ya usharika yakikauka, tusiwe wepesi kuwalaumu vijana wanaochelewa ibada.

Lakini jambo lililonishika zaidi ni nyama. Ukifika Walawi 6 utaona kwamba mtu wa kawaida alipoleta sadaka ya dhambi, kuhani aliyeitoa aliila nyama yake. Ilikuwa haki yake. Sadaka ambayo damu yake iliingizwa hemani ndiyo iliyokatazwa kuliwa: ngozi, kichwa, miguu, matumbo na mavi, yote yalibebwa nje ya kambi yakateketezwa. Kuhani hakupata hata kipande cha faida kutokana na dhambi yake mwenyewe. Tena Walawi 4 inazungumzia dhambi isiyokusudiwa! Ya kukusudia tuseme nini? Hosea 4:8 inalia juu ya makuhani wanaojilisha dhambi ya watu wa Mungu, na kilio hicho hakijaisha.

Basi tuombe toba ya namna hiyo, ambayo mkosaji haondoki nayo na faida. Mfalme Sauli alikiri, "Nimekosa," na katika pumzi hiyo hiyo akamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu (1 Samweli 15:30). Alitaka kusamehewa na kubaki jukwaani. Toba ya Sauli tunaijua jinsi inavyosikika katika makanisa yetu: "Kama kuna niliyemkosea, anisamehe." Hakuna kosa lililotajwa, hakuna aliyekosewa aliyetajwa. Jumapili inayofuata machozi ya kiongozi huyo yamegeuka mahubiri, na mahubiri yamezaa sadaka ya pekee ya kumtia moyo. Au anahamishiwa usharika mwingine na barua nzuri, na wale wa huko hawaambiwi neno. Daudi naye alitenda mabaya kuliko Sauli, lakini Zaburi ya 51 alimkabidhi mwimbishaji iimbwe na watu wote, na juu yake limeandikwa jina la Nathani, nabii aliyemkemea, na la Bathsheba, mke wa mtu aliyezini naye. Kosa lilikaa wazi.

Kwa fedha, Torati inataja hadi kiwango. Walawi 6 na Hesabu 5 zinasema aliyedhulumu arudishe mali yote kamili, aongeze na sehemu ya tano. Aliyechukua shilingi 500,000 za ujenzi arudishe 600,000. Angalieni na utaratibu wake: anamlipa kwanza mwenye mali, halafu ndipo analeta kondoo dume kwa kuhani. Sisi tunaanza na madhabahu, na mwenye mali tunamwambia asifukue makaburi. Ndugu wa Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kufika Uganda, Kenya na Tanganyika, walijulikana kwa kurudisha walichoiba, kwa mkono wao wenyewe, na majirani wasiokuwa waumini wakaamini kwamba kuna jambo limetokea.

Sasa niwakemee kwa upendo, na mimi nikiwemo. Tumeifanya Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu," kuwa pazia la kuficha wizi. Isomeni kuanzia mstari wa 12. Hao masihi, yaani watiwa mafuta wa Mungu, ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni wasio na ulinzi, na wanaokemewa ni wafalme. Mungu anawalinda wanyonge dhidi ya wenye nguvu. Ukiitumia kumnyamazisha mjane anayeuliza mchango wake umekwenda wapi, umeigeuza kichwa chini miguu juu. Tena ni sisi tulioruhusu namba ya simu ya kupokelea sadaka isajiliwe kwa jina la mchungaji. Ni sisi tuliokubali mume na mkewe wahesabu sadaka peke yao. Katika 2 Wafalme 12 mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja fedha za kasha la kutengenezea nyumba ya Bwana. Paulo hakukubali kubeba mchango wa Yerusalemu bila ndugu waliochaguliwa na makanisa (2 Wakorintho 8:19-21). Kumwombea kiongozi uaminifu huku umemwachia funguo zote ni kumtega.

Kwa maombi ya wiki hii, kaeni wachache, watatu hadi watano, si kundi la simu la watu mia mbili. Someni Zaburi ya 51 kwa sauti, kila mmoja aungame la kwake kwanza. Msimtaje mtu kwa tetesi. Paulo anataka mashahidi wawili au watatu kabla mashtaka juu ya mzee hayajapokelewa, na yakithibitika akemewe mbele ya wote (1 Timotheo 5:19-20). Masharti hayo mawili yaende pamoja, maana wapo wanaopenda la kwanza tu. Mnachokijua kwa hakika kipelekeni kwa wazee au kwa askofu, siku hiyo hiyo. Ikiwa mtoto ameguswa, au mtu ameingiliwa kwa nguvu, msikalishe kikao cha kanisa. Nendeni polisi, dawati la jinsia na watoto, ndipo mwendelee kuomba.

Waombeeni na wale ambao hawajaanguka. Mchungaji mwenye miezi ya mshahara usiolipwa, ada za watoto zimefika, na asiye na mwenzake wa kumwambia ukweli, yuko karibu na shimo. Ulizeni hali yake, lipeni deni lenu kwake, mwombeeni mke na watoto kwa majina. Mtajeni mhazini na wahesabu sadaka, wawe na ujasiri wa kukataa kutia sahihi karatasi tupu.

Na aliyetubu kweli tumpokee mezani kama ndugu. Kumrudishia mimbari ni jambo jingine, lina muda wake, maana 1 Timotheo 5:22 inaonya mtu asiwekewe mikono kwa haraka. Aliyekosewa aulizwe kwanza kama amelipwa.