Lo! Kumbe mayai hayakuwa mabovu

Kopo moja la mayai makavu ya atemia (vijikamba vidogo vya maji ya chumvi) lilinitoka bei ya mbuzi wa maana, kwa hiyo mtu akiniambia "yameoza, tupa" lazima nikasirike. Nilikuwa na vifaranga wa kambale wanaokaribia kumaliza kiini cha yai walichozaliwa nacho tumboni, na wao hawataki pumba, wanataka kitu kinachochezacheza.

Chupa nikaigeuza kichwa chini, maji ya chumvi gramu 30 kwa lita, pampu ya hewa, taa. Kopo linasema saa 24. Siku ya pili ikaisha, mayai yanazunguka tu kama majani ya chai. Muuzaji: ongeza chumvi. Jirani: ongeza mayai (ananunua yeye?). Hakuna aliyeuliza joto, na hapa ni Njombe, Julai, ukiongea alfajiri unatoa moshi.

Nikachovya kipimajoto cha homa cha mwanangu. Kikaandika "Lo". Nikakijibu, lo kweli! Hakijui maji baridi. Nikatafuta cha kioo: nyuzi 15.

Basi mjanja mimi nikaweka chupa kando ya jiko la mkaa, nikalala. Asubuhi, nyuzi 43. Mke wangu akauliza hiyo supu ni ya nani. Mayai haya yakiwa makavu yanavumilia joto la ajabu, ila yakishalowa, ukivuka 40 umeyapika.

Awamu ya tatu nikachukua deli la barafu, nikatia balbu ya wati 60, ile ya kizamani ya kulelea vifaranga vya kuku. Ikafika 36. Kimya. Nilishainua chupa nimwage, umeme ukakatika, nikaiacha. Uliporudi nikapandisha balbu juu na kuacha mfuniko wazi kidogo, joto likatulia 28. Kesho yake chupa nzima rangi ya chungwa, inatetemeka! Kumbe kati ya 33 na 40 hayafi, yanasimama tu kusubiri.

Siku hizi silengi zaidi ya 30. Nikizima pampu, namulika tochi chini: maganda yanaelea, walio hai wanafuata mwanga, nawavuta kwa mpira. Dakika kumi baadaye matumbo ya kambale yamekuwa ya chungwa.

Yule wa "tupa" juzi kaja kuazima deli. Nimemwambia lina barafu.