Mtu wa mfalme

Juzi usiku nimekaa barazani hapa Ngamiani, Tanga, na kahawa yangu na kashata, mara dogo wa nyumbani huyo kaja na daftari la historia. "Kaka, hawa maroyalisti kwa Kiswahili ndo kina nani?" Kumbe anasoma vita vya Waingereza, wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza 1642, hawa wa mfalme wale wa Bunge, mpaka 1649 mfalme Charles wa Kwanza akakatwa kichwa. Waliokuwa upande wake ndo maroyalisti. Shina la neno ni la Kilatini, rex, yani mfalme, likapita kwa Wafaransa ndo likavuka bahari likafika Uingereza. Hapo sikubabaika.

Kwenye Kiswahili ndo nikakwama. Nikasema "mfuasi wa ufalme", mzee muuza kahawa akanikata palepale, "Huyo si mtu wa mfalme tu, mwanangu?" Akanimaliza. Maana sisi mtu hatumuulizi ana itikadi gani, twamuuliza yeye ni mtu wa nani.

Lakini majina ya watawala wenyewe tunayo ya kumwaga bwana. Mfalme, ambae kwenye tenzi za zamani utamkuta ni mfaume (na kina Mfaume wamejaa mjini hapa, ufalme hata wa kuku hawana). Sultani, Kiarabu hicho, na kwao neno lilianza kwa maana ya mamlaka kabla halijawa cheo cha mtu. Liwali, aliyewekwa huku na Sultani wa Unguja. Jumbe, afu panda milima ya Usambara unamkuta zumbe, yatamke mwenyewe hayo mawili usikie. Na diwani! Enzi hizo diwani ndo mkubwa wa mji mwambao huu, leo diwani ndo yule tunayemkimbiza na habari za mitaro na taka.

Ila usije dhani pwani nzima walikuwa watu wa Sultani. Abushiri bin Salim, aliyewasha moto Pangani 1888, na Sultani hawakuiva tangu zamani, na Sultani wa Unguja ndo kaikabidhi pwani kwa kampuni ya Wajerumani, Abushiri akapigana nao mpaka wakamnyonga Desemba 1889 hapohapo Pangani. Mzee wa kahawa anasema huyo ungemwita mtu wa Sultani usingefika kwako na meno yote.

Dogo kashaandika pembeni ya daftari kwa penseli, "mtu wa mfalme", kaenda kulala.