Kipande cha tufaha

Arusi ya Mwanaidi imepita salama, mama ametolewa mtoto wa jicho na anaona vizuri, alhamdulillahi, na mimi bado nimeganda kwenye kipande cha tufaha.

Mnaomfahamu Rukia wangu mnajua si mtoto wa pupa. Sinia la matunda lilipomfikia aliliruka papai, akaliruka tikiti, akachukua kipande kimoja cha tufaha. Ba'mkubwa wake akamwambia kwa sauti iliyosikika jamvi zima: "Ah, tufaha tena! Hilo hilo ndilo mlilomlisha babu yetu Adam mkatutoa Peponi. Nyie wanawake nyie!" Watu wakacheka. Rukia akakirudisha siniani.

Alikirudisha. Angekila, angekiacha kwenye sahani, nisingekuwa naandika leo. Nilikuwa nimesimama mkabala nao na jagi la juisi mkononi, na shemeji ni mkubwa wa mume wangu. Mbele za wageni huwezi kumjibu mtu kama huyo. Usiku Baba Rukia akaniambia ni utani tu. Utani ni wangu mimi na shemeji. Mtoto wa miaka kumi hatiwi humo.

Basi kila nikimaliza kusahihisha madaftari nafungua msahafu na tafsiri yake. Al-Baqara, aya ya 36: Shetani aliwatelezesha wote wawili. Al-A'raf, aya ya 20: aliwatia wasiwasi wote wawili. Twaha, aya ya 120, anayeitwa kwa jina na kuahidiwa mti wa milele ni Adam, na aya inayofuata inasema walikula wote, kisha ni Adam anayetajwa kuwa alimuasi Mola wake. Aya ya Hawa kumlisha mumewe sikuikuta, kwa sababu haimo. Hata jina la Hawa halimo katika Qur'ani, tumelipata kwenye hadithi za Mtume. Na tufaha halimo. Ni mti tu.

Mwalimu mwenzangu wa darasa la nne, Mlutheri, akaniletea Biblia yake wakati wa chai. Mwanzo 3:6, mwanamke alitwaa tunda akala, akampa na mumewe, naye akala. Kwao basi pa kushika papo, na Waraka wa Kwanza kwa Timotheo unasema aliyedanganywa ni mwanamke, ingawa katika Warumi sura ya 5 Paulo anamtwika Adamu mzigo wote. Lakini tufaha? Akasoma tena kutoka juu. Tunda. Mti pekee unaotajwa aina yake katika kisa kile ni mtini, walioshona majani yake wajifunike.

Kinachoniuma ni kwamba maneno ya barazani yanamfikia mtoto kama aya. Ubavu nao ni hivyo hivyo. Hadithi ya mwanamke kuumbwa kutokana na ubavu uliopinda ipo, wameipokea wakusanyaji wa hadithi Bukhari na Muslim, lakini ndani yake Mtume anausia wanawake watendewe wema, na wasimulizi wetu wanaushika ule upindaji tu. Kisha wavulana wanakuja darasani kwangu na yakini kwamba mwanamume ana ubavu mmoja pungufu. Jozi 12, wanangu, kwa wote. Hesabuni.

Jana baada ya Maghrib Rukia alikuwa anadurusu aya za madrasa. Akafika kwenye dua ya Adam na mkewe, *Rabbanaa dhalamnaa anfusanaa*. Nikamuuliza maana yake.

"Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu." Akanyamaza kidogo. "Mama, kumbe waliomba pamoja?"

"Waliomba pamoja."

"Na wakasamehewa?"

Nikamfungulia Al-Baqara 37, toba ikapokelewa. Akasema, "Basi Ba'mkubwa hajafika hapa," akachukua kanga yake akatoka mbio kwenda kucheza. Nilicheka peke yangu, na chakula cha usiku nilikipika kwa raha ambayo sikuwa nayo tangu arusini.

Jumapili tunakula kwao. Nitamwambia shemeji, kwa adabu zote, na nitamwambia Rukia akiwepo, maana lilisemwa akiwepo.

Kaka amepiga simu sasa hivi kutoka Muheza. Kuna watu wameonekana wakipima karibu na michungwa ya baba, wameshachomeka vijiti, na hati ya shamba bado hatujapewa. Mwenyekiti wa kijiji hapokei simu. Sijui kesho niombe ruhusa shuleni niende mwenyewe, au nimsubiri Baba Rukia arudi safari.